Anti, shemeji anasema .22 ni ya watoto, ninunue bunduki gani ya kwanza ya shabaha?

Anti shikamoo. Nimekuwa nasoma majibu yako kimya kimya muda mrefu, leo imebidi niandike maana mke wangu na shemeji yangu kila mmoja ananivuta upande wake na mi niko katikati.

Iko hivi. Shemeji, kaka yake mke wangu, ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha na amekuwa akinichukua wikendi naenda kama mgeni wake. Nimeupenda huu mchezo kuliko nilivyotegemea. Ile unalala chini, unavuta pumzi, unaachia taratibu, unabaki wewe na lile duara jeusi tu, kichwa kinapumzika kweli. Sasa nataka bunduki yangu mwenyewe, ya shabaha tu, sio ya kuwindia, sio ya ulinzi, ya kupiga karatasi basi.

Shemeji anapiga .308 (hizi namba ni upana wa risasi kwa inchi, kwa makadirio) yenye skopu kubwa, ile darubini ya kulengea, na anasema na mi ninunue hiyo hiyo, eti .22 ni ya watoto, nitaichoka haraka halafu niishie kununua mara mbili. Kuna jamaa mwingine pale klabuni ana .22 semi-otomatiki, ile inayojiingizia risasi yenyewe, yeye anasema bolti, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila risasi, ni mambo ya wazee. Mi nikipiga ile ya shemeji risasi za mwanzo zinakaa vizuri tu, zikifika kama ya kumi zinaanza kutawanyika, karatasi inakuwa ovyo na bega linauma. Halafu kuna kitu sikielewi, natumia mkono wa kulia lakini nikishika bunduki najikuta nalaza kichwa juu ya kitako kama nachungulia upande wa pili, shemeji ananikemea kila siku niache hiyo tabia.

Mke wangu naye hataki kabisa bunduki ndani ya nyumba. Tuna mtoto wa miaka minne, hakuna kabati ambalo hajalifungua. Shemeji anasema nisimsikilize, atazoea. Na juu ya hayo yote kuna mzee pale klabuni anauza .22 yake ya bolti, imetumika, ananiambia niichukue tu hela nitampa kidogo kidogo, karatasi tutashughulikia baadaye. Hela nimeidunduliza muda mrefu Anti, sitaki kuitupa. Nifanyeje?

Mlengaji Mgeni

...

Marahaba mwanangu, na karibu kwenye mchezo. Umeuliza bunduki lakini barua yako ina mambo mengine ambayo yanatakiwa yatangulie, kwa hiyo nivumilie, naanza na mkeo.

Mkeo yuko sahihi. Nimefundisha watu kulenga shabaha miaka mingi na hakuna swali linaloniumiza kichwa kama la bunduki kwenye nyumba yenye mtoto mdogo. Huyo mtoto wenu kama alivyofungua makabati yote basi juu ya kabati hapafai, chini ya godoro hapafai, nyuma ya nguo hapafai, popote ambapo ni kuficha tu hapafai. Kinachotakiwa ni kasha la chuma lenye kufuli la maana, limekazwa ukutani au kwenye sakafu, bunduki inaingia humo ikiwa tupu, risasi zinakaa kwenye kasha lingine lenye kufuli lake. Na bunduki ya bolti ina uzuri wake hapa, ile bolti unaichomoa yote ukaifungia sehemu tofauti, kinachobaki ni mtutu na kitako, hakiwezi kufyatua chochote. Funguo zinatembea na wewe, haziachwi kwenye droo. Kaeni chini na mkeo umwonyeshe kasha litakaa wapi na nani atashika funguo, kabla hujanunua hata risasi moja, na kama bado hataki basi ulizia klabuni, kuna klabu zina stoo yao ya silaha, mwanachama anaiacha pale pale na kuikuta pale pale, kama sheria ya mahali mlipo inaruhusu hivyo. Hiyo ya "atazoea" mwambie shemeji kwa heshima kwamba hapana, huyu ni mama wa mtoto na anaishi humo ndani.

La pili, yule mzee wa karatasi baadaye. Hapana, hapana kabisa. Sheria za silaha zinatofautiana kila nchi lakini hili liko hivyo karibu kila mahali, kukaa na bunduki ambayo haijaandikwa kwa jina lako pale inapotakiwa iandikwe ni kosa la jinai, kwako na kwake aliyekupa, na ukishaingia kwenye rekodi kwa kosa la silaha leseni utaisikia kwa wenzako. Pengine mzee wa watu hana nia mbaya, anataka tu kuiuza. Ila utaratibu ni leseni kwanza, kasha pili, bunduki tatu. Nenda polisi au kwenye ofisi inayotoa vibali huko kwenu uulize wanataka nini, mara nyingi wanataka uwe mwanachama wa klabu na wanataka kuja kuona utaitunza wapi, kwa hiyo lile kasha utakuwa umeshapiga hatua.

Haya sasa tuje kwenye ya shemeji.

Kutawanyika baada ya risasi ya kumi, mtutu wa moto unaweza kuchangia kidogo, lakini hilo bega linalouma linaniambia zaidi. Mwanangu umeanza kuiogopa. Sio woga wa moyoni, ni mwili, umeshajifunza kwamba nikivuta hii triga kuna teke linakuja na kuna mlio unakuja, basi sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kufyatuka bega linajikaza, macho yanafumba, mkono unasukuma mtutu chini. Wewe hulioni hilo maana teke lenyewe linaficha. Fanya hivi wikendi ijayo, shemeji akujazie magazini yeye, achanganye risasi halisi na zile bandia za mazoezi bila wewe kuona mpangilio, halafu piga kama kawaida. Ikifika ile bandia hakuna mlio, hakuna teke, na utauona mdomo wa mtutu unazama wenyewe. Wote mtauona. Hapo hutahitaji mtu akuhubirie tena.

Angalia tofauti yenyewe. .308 inarusha kichwa cha risasi cha gramu 10 hivi kwa mwendo wa kama mita 800 kwa sekunde. .22, ile inayoitwa .22 Long Rifle, inarusha gramu 2.6 kwa mwendo wa kama mita 330, hilo teke lake hulisikii hata ukivaa fulana. Hii risasi ipo tangu 1887 na haijaondoka mpaka leo, kwa sababu inamwacha mtu ajifunze bila kupigwa. Na hili la watoto naomba shemeji alisome mwenyewe: wale wanaoshindana Olimpiki bunduki ya mita 50 wanatumia hii hii .22, na duara la kumi wanalotafuta lina upana wa milimita 10.4, yaani kubwa kidogo tu kuliko kipenyo cha penseli. Wale wa baiathloni wanaoteleza kwenye theluji wakifika kulenga wanalenga na .22 hiyo hiyo kwa mita 50. Hao sio watoto.

Tena .22 haikubembelezi. Kwa kuwa risasi inaenda polepole inachelewa kutoka mtutuni, kwa hiyo ukilegeza mkono au ukinyanyua kichwa haraka uone umepata wapi, karatasi inakuandikia. Upepo unaisogeza. Ukiiseti ipige katikati kwa mita 50 halafu ukapeleka shabaha mita 100 itaanguka kama sentimita 15 mpaka 20, na hapo ndipo unaanza kujifunza hesabu za umbali ambazo na hiyo .308 utazihitaji siku moja, ila huko ni mbali zaidi na kila risasi ni ghali. Hela ya risasi moja ya .308 kwa kawaida inakupa .22 kadhaa. Mtu mwenye .308 anapiga ishirini anarudi nyumbani, mwenye .22 anapiga mia na kesho yake bega ni zima. Anayepiga zaidi bila kuumia ndiye anayejua, hiyo nimeiona kwa wanafunzi wangu mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo nunua .22. Na nunua bolti.

Huyo jamaa wa semi-otomatiki simpingi kwamba bunduki yake ni nzuri, Ruger 10/22 kwa mfano inatengenezwa tangu 1964 na watu wanaipenda dunia nzima kwa haki yake. Lakini kwa mtu wa kwanza, wa karatasi, naona bolti inafundisha vizuri zaidi. Kila risasi unaiingiza wewe, kila ganda unalitoa wewe, kati ya moja na nyingine unapata muda wa kujiuliza ile iliyopita imeenda wapi na kwa nini. Bolti ikiwa wazi kila mtu kwenye mstari anaona kwamba bunduki yako imetulia. Halafu risasi nzuri za shabaha ni zile zinazoenda chini ya mwendo wa sauti, maana zikianza juu ya mwendo wa sauti halafu zikashuka njiani zinayumba, na hizo za polepole wakati mwingine hazina nguvu ya kutosha kuendesha semi-otomatiki, inakwama kwama, wakati bolti inakula chochote. Na sehemu nyingine sheria inaibana semi-otomatiki zaidi, ulizia hilo pia ukienda kwa mambo ya leseni.

Sasa hiki cha kulaza kichwa, mwanangu hiki ndicho kilichonifanya nijibu barua yako haraka, maana ukinunua kabla ya kukijua ndio utakuwa umetupa hela kweli. Nyoosha mikono yote mbele, kutanisha viganja ubakishe katundu kadogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia hako katundu ukiwa umefungua macho yote mawili. Sasa fumba jicho la kushoto. Kitu bado kipo? Fungua, fumba la kulia. Jicho ambalo ukilifumba kitu kinapotea ndilo linaloongoza. Kwa unavyoeleza nina hakika karibu yote kwamba mkono wako ni wa kulia lakini jicho lako linaloongoza ni la kushoto, ndio maana kichwa kinavuka kitako kwenda kuitafuta saiti, yaani kilengeo, kwa lile jicho. Shemeji anakukemea bure, hiyo haiachwi kwa kukemewa.

Una njia mbili. Ya kwanza uhamie bega la kushoto sasa hivi ungali mgeni, wiki za mwanzo utajiona mzito, baadaye mwili unakubali, na hapo unanunua bunduki ambayo bolti yake iko upande wa kushoto, zipo, kampuni ya CZ wanazitengeneza kwenye modeli yao ya 457, Savage wanazo kwenye Mark II, Anschütz pia. Ya pili ubaki kulia, uchukue kipande cha selotepu ile isiyoonyesha vizuri ukibandike kwenye lensi ya kushoto ya miwani yako ya klabuni, pale tu ambapo jicho lingeona saiti. Mwanga unaingia, jicho liko wazi, ila halioni cha kushindania. Usilifumbe kwa nguvu, kufumba jicho moja muda mrefu kunachosha uso mzima na hata lile linalolenga linaanza kuona ukungu. Ukitumia skopu tatizo linapungua maana picha inaingia jicho moja tu, ila bado shingo itakuwa inajaribu kuhama. Mi kwa mtu mgeni kama wewe ningejaribu kushoto kwanza, azima bunduki ya klabu, usiamue siku moja.

Ukishajua bega ndio uende kushika bunduki mkononi, na hapa usikubali mtu akuchagulie kwa jina. Hizo nilizotaja na Tikka T1x zote zinapiga vizuri kuliko utakavyoweza kupiga wewe kwa miaka kadhaa, kinachotofautisha ni ipi inakukaa. Omba uhakikishiwe iko tupu, angalia mwenyewe chemba, pale risasi inapokaa, elekeza mtutu sehemu salama. Fumba macho, ipandishe begani, weka shavu pale linapopenda kukaa, sasa fungua. Kama jicho liko moja kwa moja nyuma ya skopu au kilengeo bila kunyanyua kichwa wala kukikandamiza, hiyo inakufaa. Kama umeona nusu ya picha nyeusi, kitako ni kirefu au kifupi au shavu liko chini, na usidhani utazoea, utakachozoea ni mkao mbaya. Vingine vina vipande vya kuongeza na kupunguza, hivyo ni vizuri.

Triga ivute taratibu, muuzaji akikuruhusu, maana .22 nyingi za zamani hazitakiwi kufyatuliwa tupu, pini inagonga ukingo wa chemba. Unachotafuta ni triga inayokaa kimya kimya halafu inakatika ghafla bila kukwaruza njiani, uzito wa kilo moja mpaka moja na nusu unatosha kabisa kwa kuanzia. Mimi nikiambiwa nichague kati ya mbao nzuri na triga nzuri sifikirii mara mbili.

Skopu isikusumbue sana. Inayokuza mara nne mpaka kumi na mbili ni nyingi kwa mita 50, cha muhimu iwe imetengenezwa kwa ajili ya .22 au iwe na kirekebishi cha umbali, kwa sababu skopu nyingi za bunduki kubwa zimesetiwa kwa karibu mita 100 na ukizileta karibu ule msalaba unahama ukisogeza jicho. Kubofya kwa kile kitufe chake cha kurekebishia kwa nyingi ni robo dakika, dakika ya pembe sio ya saa, maana yake kwa mita 100 kila mbofyo unasogeza milimita 7 hivi, kwa mita 50 nusu yake. Matundu yako yakikaa sentimita 2 chini kwa mita 50, panda mibofyo mitano au sita, piga tena tano, ndio uangalie. Usibofye kwa kila risasi moja, utakimbizana nayo mchana kutwa.

Hela itakayobaki weka kwenye risasi na mwalimu. Nunua pakiti moja moja za aina nne tano tofauti, za polepole, piga tano tano kwa mita 50 ukiwa umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, na ukibadilisha aina piga kadhaa za kupasha mtutu kabla hujahesabu. Utashangaa, mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti kabisa. Ukipata inayoipenda nunua nyingi za toleo moja. Vaa kinga ya masikio na miwani hata kwa .22, na ukimaliza nawa mikono kabla hujamshika mtoto, kichwa cha risasi kina ledi, madini yenye sumu. Ikitokea umevuta triga na hakuna kitu, baki umeelekeza kwenye shabaha, subiri sekunde thelathini ndio ufungue. Ikitoa mlio dhaifu usio wa kawaida, acha kabisa, inawezekana kichwa cha risasi kimebaki mtutuni. Na usidharau kwa sababu ni ndogo, hiyo .22 inaruka zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa hiyo inapigwa penye tuta la udongo la kuzuia risasi tu.

Kama leseni itachukua muda mrefu, usikae bure, ipo bunduki ya upepo ya milimita 4.5, mita 10, iko Olimpiki tangu 1984 na kile cha kumi ni kanukta ka nusu milimita. Nayo ina sheria zake sehemu nyingi na inafungiwa kwenye kasha hilo hilo.

Nimalizie na ile ya mzee, maana ikiwa na karatasi zake zote na ukahamishiwa kihalali inaweza kuwa nzuri tu, .22 iliyotunzwa haichakai upesi. Toa bolti, mulika mtutu kwa nyuma, unataka kuona mifereji inayong'aa bila vidoa vya kutu. Angalia mdomo wa mtutu, ule ukingo wa mwisho kabisa, mkwaruzo mdogo pale unaharibu kila risasi. Angalia ukingo wa chemba kama una alama ya kugongwa na pini, hiyo ni dalili ilikuwa inafyatuliwa tupu, ganda litakuwa linang'ang'ania kutoka. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Halafu muombe uipige pale klabuni, yeye akiwepo, makundi matatu ya risasi tano. Na kama ni ya mkono wa kulia na ule mtihani wa jicho umekupeleka kushoto, mshukuru mzee, iache ichukuliwe na mwingine.